Barua ya wazi kwa wamiliki wa Cleveland Browns: Columbus mliweza, Cleveland kunani?

Columbus, Ohio
16 Aprili 2025

Kwa Bwana Jimmy Haslam na Bibi Dee Haslam,
Wamiliki, Cleveland Browns.

Waheshimiwa,

YAH: MSIMU WA 2024 (USHINDI 3, VIPIGO 14) NA MADENI YALIYOBAKI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu kwanza, kwa kuwa kwetu hata anayekwenda kudai hupiga hodi na kuulizia watoto. Natumaini hamjambo. Sisi mashabiki wa Browns, timu yenu ya mpira wa Kimarekani katika ligi ya NFL, si wazima sana.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kimeshatumika chote. Watu wa Cleveland wamesema redioni, wamesema baa, wamesema makanisani. Januari 2018, baada ya msimu wa mechi 16 bila ushindi hata mmoja, maelfu yao walitoka kwenye baridi ile ya Ziwa Erie wakatembea kuuzunguka uwanja wenu, ili waandike sifuri kwa miguu yao. Oktoba mwaka jana walizomea mpaka baadhi yao wakashangilia mchezaji wao wenyewe alipoanguka na kuumia. Lilikuwa jambo la aibu, na mchezaji mwenzake Jameis Winston aliwaambia hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini mtu hafiki kushangilia jeraha la mchezaji wake kwa siku moja. Basi nimeona nijaribu lugha nyingine. Wakalimani hawakosekani; hapa Columbus piga hodi mtaa wowote wenye Wakongo au Wasomali waliopitia Kenya, barua hii itasomwa na kufasiriwa kabla chai haijapoa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Timu yangu ya kwanza ni Coastal Union, iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 na tangu hapo tunausimulia. Kwa hiyo subira naijua. Browns walipoifunga Baltimore Colts 27-0 kwenye fainali ya 1964, mimi sikuwa nimezaliwa, na mpaka leo hawajaonja ubingwa mwingine. Super Bowl, fainali kuu ya ligi yao siku hizi, hawajawahi hata kuicheza. Mzee mmoja wa Cleveland tuliyekuwa naye zamu ya usiku ghalani ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Aliniambia: usiufikirie kama mpira wenu, ufikirie kama ugomvi wa shamba. Unapewa nafasi nne za kusogeza mpaka wako yadi 10. Ukiweza, unapewa nafasi nne nyingine. Ukishindwa, jembe anashika jirani. Nilipoelewa hilo nikaelewa pia kwa nini yeye, kila Jumapili jioni, alikuja kazini na sura ya mtu aliyenyang'anywa shamba la urithi.

Ila kuna jambo moja linalonifanya niwaandikie ninyi kwa namna tofauti na wengine, nalo ndilo lililobeba barua hii yote. Mimi nawajua kwa upande wenu mwingine. Mwaka 2018 Columbus Crew, timu yetu ya soka, ilikuwa njiani kuhamishiwa Austin, Texas. Wananchi wakakataa, jiji na mwanasheria mkuu wa jimbo wakaenda mahakamani, na mwanzoni mwa 2019 ninyi pamoja na familia ya Edwards mkaichukua timu. Mkamkabidhi Tim Bezbatchenko, mtu anayejua mpira, mkamwacha afanye kazi. Ubingwa ukaja 2020. Uwanja mpya ukafunguliwa 2021, katikati ya jiji, mahali mtu anakwenda kwa miguu. Kocha Caleb Porter alipochuja mlimwondoa, mkamleta Wilfried Nancy, na Desemba 2023 tukawa mabingwa tena. Siku ile Yaw Yeboah, kijana wa Ghana, alipofunga la pili dhidi ya LAFC, nilimkumbatia mtu nisiyemjua na mpaka leo simjui. Agosti 2024 likafuata Kombe la Leagues.

Kwa hiyo siwaandikii watu wasiojua kazi. Laiti mngekuwa hamjui, ningenyamaza. Mfuko ni ule ule, familia ni ile ile, umbali ni saa mbili kwa gari kwenye barabara ya I-71. Columbus mnajenga, Cleveland mnabomoa. Hoja zangu ni hizi.

1. Mkataba wa Deshaun Watson

Nianze hapa kwa kuwa mengine yote yametokea humu, kama maji ya dari lililovuja tundu moja.

Machi 2022 mliipa Houston Texans machaguo matatu ya raundi ya kwanza, ya 2022, 2023 na 2024, na mengine ya chini juu yake, ili mumpate Deshaun Watson, kwotabeki wao, yaani mrushaji mkuu wa mpira. Kwa wenzangu wasioujua mchezo huu: kila mwaka vijana bora wa vyuo hugawanywa kwa zamu, timu dhaifu ikitangulia kuchagua. Ndiyo njia ya mnyonge kuinuka. Ninyi, timu iliyokuwa na haja ya kuinuka kuliko wengi, mkauza zamu zenu za miaka mitatu. Kisha mkampa Watson mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote zikiwa na dhamana, acheze asicheze. Hakuna mchezaji wa ligi hiyo aliyewahi kudhaminiwa fedha nyingi kiasi hicho kabla yake.

Na hakuwa mtu aliyekuja na mikono mitupu. Siku mnamchukua, wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamemfungulia kesi za madai, wakimtuhumu kwa mwenendo mbaya wa kingono walipokuwa wakimkanda misuli. Yeye alikana, na mabaraza mawili ya Texas yaliyopima ushahidi hayakumfungulia mashtaka ya jinai. Hilo nalisema kwa haki. Lakini ligi yenyewe ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5 kwa kuvunja kanuni zake za mwenendo. Ninyi mlikuwa mmeshaupanga mkataba kiasi kwamba mshahara wa msingi wa mwaka ule wa kwanza ulikuwa dola milioni moja na kidogo tu, ili kila mechi ya kufungiwa imkate senti. Nina binti wa miaka kumi na minne. Aliniuliza kwa nini jezi ya namba nne sitamnunulia, na mimi, mtu mzima mwenye maneno mengi kama mnavyoona, nikakosa la kumjibu.

Tuweke hata hilo kando, ingawa haliwekeki kando. Tuseme tunahesabu mpira peke yake. Katika misimu mitatu Watson ameanza mechi 19. Ameshinda 9, ameshindwa 10. Mwaka jana alianza mechi saba, na pointi za Browns zilikuwa hivi: 17, 18, 15, 16, 13, 16, 14. Hamkufika 20 hata siku moja. Aliangushwa na mpira mkononi mara 33. Oktoba 20, dhidi ya Cincinnati, kano ya kisigino ikakatika, na Januari tukaambiwa imekatika tena.

Kinachonikera zaidi hakipo Cleveland, kipo Houston. Chaguo lenu la namba 12 la mwaka 2023 ndilo Texans walilolitumia, pamoja na mengine, kusogea hadi namba 3 na kumchukua Will Anderson. Akawa mlinzi chipukizi bora wa mwaka. Na Januari 2024, siku mliyofika mchujo, ile hatua ya mtoano baada ya msimu, mliokutana nao ni nani? Texans. Wakawapiga 45-14. Tulimuuzia jirani panga, naye akatufyekea shamba.

2. Kwotabeki wa arobaini

Kwotabeki ndiye nahodha wa jahazi: ndiye anayeupokea mpira, anasoma upepo, anaamua aurushe wapi. Tangu timu irudi Cleveland mwaka 1999 (ilikuwa imehamishwa, nitalifikia hilo), Bailey Zappe alipoanza mechi ya mwisho ya msimu uliopita alikuwa kwotabeki wa 40 kuanza mchezo. Wa arobaini! Hata jahazi la magendo halibadilishi manahodha hivyo.

Na si kwamba wote walikuwa wabovu. Baker Mayfield mlimchagua wa kwanza mwaka 2018, na kwenye mchujo wa msimu wa 2020 akawashinda Pittsburgh kwao, 48-37. Bega lilipomsumbua mwaka mmoja mkamwona mzigo, mkampeleka Carolina kwa chaguo la raundi za chini. Misimu miwili iliyopita ameipa Tampa Bay ubingwa wa kundi lake mara zote mbili. Joe Flacco mlimtoa kwenye kochi lake Novemba 2023, ana miaka 38, akaanza mechi tano akashinda nne, akawapeleka mchujo, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri kuliko wote. Msimu ulipoisha mkamwacha aende Indianapolis. Tukaambiwa ni ili Watson asiwe na kivuli nyuma yake. Wiki iliyopita mmemrudisha, ana miaka 40. Karibu nyumbani baba, ila aliyekutoa mlangoni ndiye huyo huyo anayekufungulia.

Winston naye alitupa starehe yake mwaka jana, starehe ya mtu anayeendesha pikipiki bila breki. Denver, Desemba 2: alirusha yadi 497, Jerry Jeudy akazipokea 235 mbele ya timu yake ya zamani, na mipira miwili ya Winston ikadakwa na wapinzani wakakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja. Mkashindwa 41-32. Wiki mbili baadaye mkamweka benchi. Mechi nne za mwisho pointi zenu zilikuwa 7, 6, 3 na 10. Zijumlishe: 26. Mtu mliyemweka benchi alikuwa amepata 32 kwa usiku mmoja. Msimu mzima mlikusanya 258, na hakuna timu kati ya 32 iliyopata chache zaidi.

3. Wanaobeba timu

Alhamisi ya Novemba 21 nilikuwapo. Theluji ilianguka mpaka mistari ya uwanja ikapotea, ikawa watu wazima wanagombea shamba wasiloliona mpaka wake. Pittsburgh walitoka nyuma wakatangulia 19-18. Zikiwa zimebaki sekunde 57 mkimbiaji wenu Nick Chubb akaingia na mpira, ikawa 24-19. Mlinzi wenu Myles Garrett alimwangusha kwotabeki wao mara tatu. Nilirudi Columbus saa tisa za usiku, vidole vya miguu sivisikii, na mke wangu akanifungulia mlango akacheka, maana aliyeshinda mechi tatu kati ya 11 alikuwa anaimba kama bingwa wa dunia.

Naukumbusha usiku ule ili mjue mna watu. Garrett alipata maangusho 14 katika timu inayokufa. Jeremiah Owusu-Koramoah, ambaye jina lake sisi tunalitamka vizuri kuliko watangazaji wenu, aliumia shingo siku tulipowafunga Baltimore na hakurudi tena. Chubb alikimbia zaidi ya yadi 1,000 kwa misimu minne mfululizo, akavunjwa goti Pittsburgh Septemba 2023, akajiuguza mwaka mzima, akarudi siku ile ile Watson aliyoumia, kisha Desemba akavunjika mguu. Leo hana mkataba. Hana barua ya kuagwa pia, walau sisi hatujaiona.

Garrett ndiye wa kwanza kuwaandikia barua ya wazi mwaka huu. Februari 3 aliomba auzwe, akasema lengo lake halikuwa kuishia kwenye jumba la magwiji kule Canton bali kupigania Super Bowl. Mwezi uliofuata mkamjibu: dola milioni 40 kwa mwaka. Amebaki, namshukuru Mungu, na fedha ni haki yake. Lakini swali aliloliuliza halikuwa la fedha. Aliuliza mpango ni upi. Hilo bado halijajibiwa, na mimi kwa bahati mbaya simo kwenye orodha ya wanaoweza kutulizwa kwa milioni 40.

4. Uwanja

Hapa ndipo kodi yangu inapoingia, kwa hiyo mniwie radhi nikikaza sauti.

Uwanja uliopo ufukweni, ambao sasa unaitwa Huntington Bank Field, ni mali ya jiji la Cleveland. Mkataba wenu wa kupanga unaisha baada ya msimu wa 2028. Oktoba mwaka jana, timu ikiwa na ushindi mmoja tu, mkatangaza kwamba mnataka kuhamia Brook Park, kwenye eneo la ekari 176 karibu na uwanja wa ndege wa Hopkins, mjenge uwanja wenye paa kwa dola bilioni 2.4. Nusu mtoe ninyi na wenzenu, nusu itoke kwa umma. Meya Justin Bibb alikuwa ameweka mezani dola milioni 461 kusaidia ukarabati wa uwanja uliopo. Mkazikataa. Na mwezi huu wawakilishi wa Ohio wamepitisha kwenye bajeti yao mkopo wa dola milioni 600 kwa ajili yenu, ungoje seneti na gavana.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la kijinga kidogo, nivumilieni: timu yenye ushindi 3 inahitaji paa la nini? Theluji ile ya Novemba ndiyo kitu pekee kilichotupa usiku wa kukumbuka.

La pili si la kijinga. Ohio kuna sheria ya mwaka 1996 inayobeba jina la Art Modell, aliyeichukua Browns akaipeleka Baltimore baada ya msimu wa 1995 na kuliacha jiji zima likilia. Inasema timu iliyokula fedha za umma haiondoki hivi hivi. Inatoa notisi, na wenyeji wanapewa nafasi ya kuinunua. Sheria hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2018 kuizuia Crew isiende Austin. Kwa maneno mengine, ndiyo iliyofungua mlango mkaingia Columbus tukawashangilia. Mimi mwenyewe niliwashangilia. Oktoba mwaka jana mkaenda mahakama ya shirikisho kuomba sheria hiyo hiyo itupwe, kwamba haieleweki na inakwenda kinyume cha katiba. Ngazi mliyopandia ninyi, mkifika juu mnataka kuikata.

Na lile la katikati ya jiji je? Columbus mlitueleza, kwa ufasaha kabisa, kwamba uwanja katikati ya jiji unaleta watu, unaleta biashara, unaleta maisha. Tukaamini, na ni kweli, tumeona. Ukweli huo unabadilikaje ukisafiri saa mbili kaskazini? Muuza mahindi na soseji aliyeko nje ya uwanja wa ufukweni, atahamia Brook Park akaweke meza yake wapi, kwenye maegesho yenu?

Najua mtakayosema.

Mtasema majeruhi. Kweli walikuwa wengi. Lakini msimu wa 2023 mlianza na makwotabeki watano tofauti kwa sababu hiyo hiyo na mkashinda mechi 11, mpaka Kevin Stefanski akawa kocha bora wa mwaka.

Mtasema NFL si soka, huko kuna kikomo cha mishahara na ushindani mkali. Hata MLS, ligi ya soka wanayocheza Crew, ina kikomo cha mishahara. Na kikomo cha NFL ndicho hasa kinachofanya kosa lenu liwe kubwa: mkataba wa Watson ulikuwa umepangiwa kula karibu dola milioni 73 za hesabu yenu mwaka huu, karibu robo ya kila mnachoruhusiwa kulipa timu nzima, mpaka Machi mkasogeza sehemu ya mzigo huo kwenye miaka ijayo.

Mtasema mmeshakiri. Hili nalipokea kwa mikono miwili. Mwisho wa mwezi uliopita, Bwana Haslam, ulisema mbele ya waandishi kwamba kwa Watson mlijaribu pigo kubwa mkalikosa, na kwamba sasa kazi ni kujitoa shimoni. Ni wamiliki wachache wanaosema hivyo, nakuheshimu kwa hilo. Ila kuna maneno uliyoyaruka. Hukuwataja wale wanawake. Ulizungumza kama mtu aliyenunua gari likaja na injini mbovu.

Na mtasema safari hii hamkumfukuza kocha wala meneja, jambo ambalo sisi wenyewe tumelilia miaka yote. Kweli tumelilia. Tangu mnunue timu mwaka 2012 mmepita kwa makocha Shurmur, Chudzinski aliyekaa mwaka mmoja, Pettine, Hue Jackson, Kitchens aliyekaa mwaka mmoja. Stefanski na Andrew Berry kubaki si vibaya. Lakini Columbus mliwaacha wataalamu waamue. Cleveland mnawaacha wabaki, kisha mambo makubwa yanaamuliwa juu yao. Hilo ni tofauti, na mnajua ni tofauti.

Sasa naomba, kwa heshima:

(a) Mtueleze hadharani uamuzi wa Machi 2022 ulipitaje. Nani alipinga, na kama hakuna aliyepinga, kwa nini. Mkiwa mnaeleza, anzeni na wale wanawake, kisha mje kwenye mpira.

(b) Wiki ijayo mna chaguo la pili katika ligi nzima, la kwanza kwenu la raundi ya kwanza tangu 2021. Simwambii Berry amchague nani. Mimi ni mtu wa ghala. Naomba tu mtamke kwamba chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ujao halitauzwa kumnunua nyota wa mtu mwingine.

(c) Chubb apewe mkataba mdogo, au apewe siku. Aingie uwanjani, watu wasimame, wamshukuru. Hilo halihitaji milioni 600.

(d) Ondoeni ile kesi ya kuipinga sheria ya Modell. Kama kweli mnataka kuhama, hameni kwa kufuata sheria iliyowaleta.

(e) Kabla ya kuchukua dola moja ya umma, fungueni vitabu vya hesabu za Brook Park watu wasome, na mkae na jiji mezani tena kuhusu ufukwe, kamera zikiwa zinawaka.

Mkipenda kunijibu, jibuni hadharani kama nilivyoandika. Jumamosi yoyote Crew wakicheza hapa Columbus mtanipata jukwaa la kaskazini, nimevaa kofia ya Browns. Watu hunicheka, lakini sijaivua.

Wenu katika michezo,

Shabiki wa Coastal Union, Crew na Browns
Columbus, Ohio

Nakala:
Andrew Berry, Meneja Mkuu
Kevin Stefanski, Kocha Mkuu
Justin Bibb, Meya wa Cleveland
Maseneta wa jimbo la Ohio
Mama, Tanga, ambaye bado anauliza mpira gani huu unaochezwa kwa mikono